Kamba Haifungwi

Baba yangu alikuwa baharia, na tuliishi Waithaka, ambako maji mengi zaidi uliyoweza kuyaona kwa mpigo ni yale ya mvua yaliyotuama barabarani. Watu walimcheka kwa hilo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Aliingia jeshi la wanamaji akiwa kijana, akakaa Mombasa miaka mingi mpaka Kiswahili chake kikageuka. Aliporudi nyumbani na kuanza kusema "n'shakwambia" na "sivyo hivyo, bwana," wanaume wa kwetu wakambandika jina la Kepteni, ingawa hakuwahi kukikaribia cheo hicho. Akilisikia aliitika bila kinyongo. Nadhani alilipenda.

Katika miaka hiyo alipelekwa ng'ambo kusomea kupiga mbizi, na kwa karibu miaka miwili aliishi ndani ya meli ya kuokoa nyambizi. Nyambizi ni manowari inayosafiri chini ya maji. Ikipata ajali na kulala chini kabisa, walio ndani hawana pa kutokea, na ndipo meli kama ile huitwa. Nyumbani tuliiita meli ya Baba. Picha yake ilining'inia sebuleni kando ya kalenda ya kanisa: meli fupi, nene, isiyo na mzinga hata mmoja, sitaha yake ya nyuma imejaa mashine za kuvutia kamba na nyaya. Mama, kabla hajafariki, alikuwa akisema hajawahi kuona chombo chenye sura mbaya kama kile, na Baba alikuwa akikubaliana naye.

Nilipokuwa mdogo aliniletea meli hiyo kwenye karai la kufulia. Aliweka sahani ya bati chini ya maji, akasema hiyo ndiyo nyambizi. Kisha akakunja kipande cha gazeti, akakibana ndani ya glasi, akaipindua na kuizamisha polepole mpaka ikakaa juu ya sahani. Alipoitoa nikatia mkono ndani. Gazeti lilikuwa kavu. "Hiyo ndiyo kengele," akasema. "Sasa tia watu badala ya gazeti."

Kengele yenyewe, alivyonieleza, ilikuwa ya chuma, kubwa kama tangi la maji la shule, na iliteremshwa kwa waya hadi kwenye mlango wa nyambizi. Chini ilikuwa na mduara wa mpira. Ukishakaa sawa juu ya mlango, maji yaliyo katikati yanatolewa kwa pampu, na uzito wa bahari wenyewe unaibana kengele isitoke. Hapo unaweza kufungua mlango na kuwatoa watu wachache wachache. Lakini ili kengele ishuke mahali palepale, meli haikuruhusiwa kuyumba hata kidogo. Kwa hiyo ilitia nanga nne, moja kila upande, ikajifunga katikati kama ng'ombe anayekamuliwa. Kulikuwa na chumba kingine cha chuma chenye vidirisha vya duara, cha kuwalaza wapiga mbizi waliopanda juu haraka mno wakaugua, na chakula chao kilipitishwa kwenye kijisanduku cha ukutani chenye milango miwili, usifungue huu kabla hujafunga ule. Kulikuwa na nyundo, kwa ajili ya kugonga ubavu wa nyambizi na kusikiliza kama kuna anayejibu. Na kulikuwa na mablanketi ya kijivu, mengi. Yalitolewa kila zoezi, yakakunjuliwa, yakakunjwa tena na kurudishwa kabatini. Baba aliondoka na moja. Ndilo nililojifunika utoto wangu wote.

"Mliokoa watu wangapi?" niliwahi kumuuliza.

"Hata mmoja," akasema. "Miaka miwili tulifanya mazoezi tu. Ile meli kazi yake ni kungoja. Siku ikipata kazi, kuna mtu analia."

Baba mwenyewe hakuwa mpiga mbizi hodari, alikiri hivyo. Kazi aliyoifanya vizuri kuliko wengine ilikuwa ya kushika kamba. Mtu akiteremka, alifungwa kamba kiunoni, na mwenzake akabaki juu ameshika ncha ya pili. Maneno hayafiki chini, kwa hiyo walizungumza kwa kuvuta. Ukivuta mara moja kutoka juu, unauliza: uko salama? Akivuta mara moja kutoka chini, anajibu: niko salama. Mara nne ni nipandishe. Tatu, halafu tatu, halafu tatu, ni nimenaswa lakini nitajinasua mwenyewe. Mbili, mbili, mbili, ni nimenaswa, leta mtu.

Ukipewa tatu-tatu-tatu hukuruhusiwa kuvuta. Mtu aliyenaswa ukimvuta kwa nguvu waweza kuukata mrija wake wa hewa. Unangoja dakika moja, unamuuliza tena kwa mvuto mmoja, unangoja. Baba alisema kungoja huko ndiko kunamtofautisha mshika kamba na mtu yeyote tu aliye na mikono.

Kulikuwa na desturi moja mbaya ndani ya meli ile. Aliyevuta mbili-mbili-mbili katika mazoezi, akaletewa mtu wa kumnasua, jioni hiyo alimenya viazi vya meli nzima huku wenzake wakipita na kumpa pole za kejeli. Kwa hiyo wanaume walikaa chini huko, wamenaswa kwenye nyaya, wakivuta tatu-tatu-tatu mpaka walimu wakachoka.

"Na wewe ulimenya viazi?" nikamuuliza.

"Mie?" Akacheka sana. "Sikumenya hata kimoja."

Alijivunia hilo, na mimi pia nilijivunia kwa niaba yake. Leo ndilo jambo linalonikasirisha kuliko yote, na sina wa kumkasirikia.

Alipoacha jeshi akawa fundi wa visima. Miaka ile maji ya mfereji yalikuwa yakija yanapotaka, na watu wenye nafasi, kuanzia Muthangari mpaka Loresho, walikuwa na visima uani ambavyo vilihitaji kuchimbwa zaidi, kusafishwa, au kutolewa ndoo na paka waliotumbukia. Nilimaliza sekondari bila kazi wala karo ya chuo, basi nikawa mshika kamba wake. Wenye nyumba walitazama, wakatafuta mwanamume tuliyekuja naye, wasimwone. "Huyu msichana ndiye atakushika?" mmoja akamuuliza Baba. Baba akamjibu kwamba kamba haihitaji misuli, inahitaji masikio, na akaanza kushuka.

Kanuni yake ilikuwa moja, na alikuwa anairudia kila siku kabla hajatia mguu kwenye ngazi: kamba haifungwi. Haifungwi kwenye mti, haifungwi kwenye nguzo, haifungwi popote. Hushikwa na mtu.

Niliivunja mara moja, Loresho, kwenye kisima kilichokuwa nyuma ya nyumba yenye bustani kubwa. Mwenye nyumba alituma chai na mkate wenye siagi. Nilikuwa na njaa. Baba alikuwa chini anatoa matope, amejibu mvuto wangu wa mwisho vizuri, na kulikuwa na mti wa parachichi hatua tatu kutoka hapo. Nikaifunga kamba kwenye shina, fundo zuri la kibaharia alilonifundisha yeye mwenyewe, nikanywa chai. Haikupita dakika tano. Aliniita kwa kuvuta, mti haukujibu, akapanda ngazi peke yake na matope mpaka masikioni, akanikuta na kikombe mkononi.

Hakunipiga wala hakupiga kelele. Alifungua lile fundo taratibu, akasema, "Kumbe nilikuwa nikizungumza na mti." Hakunisemesha mpaka Jumapili, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Kanisani aliketi kando yangu, akanipa kitabu cha nyimbo kikiwa wazi kwenye ukurasa wetu, na hapo nikajua yameisha.

Halafu ukaja mwaka ule ambapo nyambizi moja ilizama katika bahari ya baridi, kaskazini ya mbali, na dunia nzima ikakaa mbele ya televisheni. Tulikuwa na kazi Muthangari wiki ile. Saa saba kasoro Baba aliacha ndoo na sepeto, akatembea hadi kwenye hoteli ya karibu iliyokuwa na televisheni juu ya friji, akaagiza chai ambayo hakuinywa. Nikamfuata. Alifanya hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wafanyakazi wa mjengo waliokuja kula ugali walitaka wawekewe kitu kingine.

"Mzee, si utuwachie tuone mambo ingine? Hiyo si ilishazama?"

"Imezama lakini watu wanagonga," Baba akasema. "Amesema hapo, mumesikia? Wanagonga."

Habari zilisema kuna sauti za kugonga zilizosikika. Zilisema pia kwamba nchi nyingine zimejitolea kuleta meli zao na vyombo vyao, na wenye nyambizi wanasema wanaweza kujinasua wenyewe. Siku ilipita, ikapita nyingine. Baba alisimama katikati ya ile hoteli, watu na sahani zao, akaanza kuifokea televisheni.

"Vuteni mbili! Mbili-mbili-mbili! Ni haya ya nini? Mtu yuko chini, hewa inakwisha, nanyi mwaona haya kuomba?"

"Kepteni, kaa chini," nikamwambia. Nilimwita kwa jina la watu kwa sababu niliona aibu. Wengine walikuwa wanacheka.

Mwishowe msaada uliitwa. Wapiga mbizi wa nchi nyingine walishuka, wakafungua mlango wa nyambizi, wakakuta maji. Hakukuwa na mtu wa kutoa. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akaketi juu ya ndoo yetu iliyopinduliwa kando ya barabara, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata Mama alipofariki alijizuia mpaka watu walipoondoka. Nilisimama pale nimeshika kamba mkononi, sijui niiweke wapi.

"Wangeomba siku ya kwanza," akasema. Basi. Tulirudi kazini, tukamaliza kile kisima kabla ya saa kumi na moja.

Tangu siku hiyo hakuzungumza tena habari za meli. Picha ilibaki ukutani, kalenda zikabadilika kando yake.

Miaka miwili baadaye nilipata kazi mjini, katika ofisi moja ya ghorofa ya nne, kupokea simu. Nilikaa na vifaa vya kusikilizia kichwani, nikiunganisha watu na watu, na Baba alinitania kwamba bado ni mshika kamba, tofauti ni viatu. Yeye aliendelea na visima kidogo kidogo. Halafu sauti yake ikaanza kukwaruza. Akasema ni vumbi, kisha akasema ni mafua. Nilimwambia twende hospitali, akasema itaisha. Nilimwambia tena baada ya mwezi, akasema itaisha, ila safari hii aliisema kwa kunong'ona kwa sababu hakuwa na sauti nyingine. Tulipofika hospitali walisema ni saratani ya koo, na kwamba tungekuja mapema wangejaribu mengine.

Walimfanyia upasuaji, wakamtoa kisanduku cha sauti chote, wakamwekea tundu shingoni la kupumulia lenye mrija mdogo. Baba, aliyeweza kuongea na fundi wa baiskeli kwa saa mbili, hakuweza kusema hata neno. Muuguzi alinifundisha kuutoa mrija wa ndani, kuusafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kuurudisha. Akanionya kwamba makohozi yakikauka yanaweza kuziba, na kwamba pakiziba kabisa ni suala la dakika. "Usimwache peke yake, sawa?" akasema. Nikasema sawa.

Nikaomba likizo yangu yote ya mwaka. Siku ya kwanza nyumbani nilitaka kumnunulia kengele ya mkono, ile ya shuleni, ili aipige akinihitaji nikiwa jikoni au uani. Akatikisa kichwa. Akaonyesha nyuma ya mlango, kwenye msumari ambapo kamba yetu ya kisima ilikuwa imetundikwa.

Basi tukaanza tena. Ncha moja alijifunga kwenye kifundo cha mkono, kamba ikapita mlango wa chumba chake, ikavuka sebule, nami nikawa nayo popote nilipokuwa, nikimenya vitunguu, nikifua. Nilivuta mara moja, naye akavuta mara moja. Sisemi uongo nikisema zilikuwa siku nzuri. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, rafiki zangu walikuwa wanaolewa, nami nilikuwa nimefungamana na baba yangu kwa kamba ya katani inayonuka matope, na nilikuwa na furaha ambayo sikumweleza mtu.

Ila mrija ulikuwa unaziba. Nikimsikia akianza kukorota, ninatupa kisu na kukimbilia mlangoni, na kabla sijafika kamba inacheza mkononi mwangu: tatu, tatu, tatu. Nimenaswa, lakini nitajinasua. Nami nilisimama pale mlangoni, sivuti, siingii, nikimtazama akiwa amepinda mgongo chini ya blanketi la kijivu, akikohoa kwa nguvu zake zote mpaka kile kitu kinatoka. Kisha anafuta shingo, ananitazama kwa dharau kidogo na kuvuta mara moja. Niko salama.

Jirani yetu wa upande wa pili wa ua, mama mmoja mwenye roho safi aliyetoka magharibi ya nchi na kufungua kibanda cha mboga, alimwona siku moja akifanya hivyo, akashangaa.

"Na wewe unasimama tu? Si uingie umsaidie mzee wako!"

"Amesema ataweza."

"Amesema na nini? Huyu hana mdomo."

Nikamweleza kamba. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Nyinyi watu wa meli," akasema, "mko na kiburi mbaya." Nilicheka. Nilimwambia ndivyo alivyo, nikaona kwamba kumheshimu ni kumwacha ajinasue. Nilikuwa nimefundishwa vizuri mno.

Siku za likizo zikaisha. Nilipiga simu kazini kuomba nyongeza, nikaambiwa niende mwenyewe nikazungumze na mkubwa, saa nne asubuhi, nisichelewe kwa sababu ana mkutano. Jirani alikubali kuja kukaa na Baba. Nilimwonyesha jinsi ya kushika kamba na jinsi ya kusafisha mrija, akajaribu mara mbili, akasema hakuna noma, yeye amelea watoto sita.

Asubuhi ile maji yalirudi. Yalikuwa yamekatika siku tisa, na ghafla mifereji ya Waithaka yote ikaanza kutema hewa na kutu na kisha maji, na ua mzima ukajaa kelele za madebe. Nilimwona jirani yangu kupitia dirishani, amefunga leso kiunoni, anajaza pipa. Akanipungia mkono.

"Nakuja! Nipe dakika kumi tu, haya yataenda tena!"

Nilikuwa nimevaa tayari. Nilitazama saa. Nilivuta kamba mara moja. Baba akajibu mara moja, upesi, imara. Niliingia chumbani nikamwambia jirani anakuja sasa hivi, nami nitarudi kabla ya chakula cha mchana. Akanionyesha mlango kwa kidole, nenda, nenda, unachelewa. Alikuwa ameegemea mito, uso mkavu, macho maangavu. Alionekana vizuri kuliko wiki nzima.

Sebuleni tulikuwa na kiti kimoja kizito cha mbao chenye mikono, cha Baba, alichokinunua kwa fundi wa Dagoretti kabla sijazaliwa. Nilikisogeza kikatazama mlango wa chumba, nikafunga kamba kwenye mguu wake ili jirani akija aikute hapo na aketi. Nilifunga fundo lilelile la kibaharia. Sikufikiria Loresho. Ningependa kusema kwamba mkono wangu ulisita, lakini haukusita.

Mjini nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkubwa. Karani wake alikuwa akipiga chapa.

"Ako kwa mkutano," akasema bila kunitazama.

"Aliniambia saa nne."

"Si ungoje basi, madam. Hata sisi tunangoja."

Nikangoja. Nilipoingia, mkubwa alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia, akanipa wiki mbili zaidi, akaniambia nimsalimie mzee. Nilitoka pale mwepesi. Nilinunua ndizi mbivu, laini, ambazo angeweza kumeza.

Jirani yangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wetu, mikono kichwani, leso imelowa. Sikuhitaji kuambiwa. Aliniambia hata hivyo, akirudia rudia, kwamba pipa lilijaa, akajaza la pili kwa sababu maji yalianza kupungua, kwamba haikufika nusu saa, kwamba alipoingia alikuta tayari ameshaenda. Hakusikia kitu. Angesikiaje, na Baba hakuwa na sauti, na ua wote ulikuwa unapiga madebe.

"Nisamehe," akasema. "Nilidhani ni dakika tu."

Sikuwa na la kumsamehe. Si yeye aliyefunga lile fundo.

Niliingia. Kiti hakikuwa nilipokiacha. Kilikuwa kimevuka sebule, hatua sita za mtu mzima, kikafika mpaka mlango wa chumba cha Baba na kukwama hapo, mikono yake imebana kwenye fremu pande zote mbili kwa sababu kilikuwa kipana kuliko mlango. Nilipanda juu yake ili nipite. Baba alikuwa amelala ubavu, ameelekea mlango, blanketi limeanguka chini. Kamba ilikuwa imemzunguka kiganja mara nyingi, na pale ilipozunguka ngozi ilikuwa imechubuka.

Mtu mgonjwa, aliyekonda hivyo, alikivuta kiti kile ambacho mimi hukisogeza kwa kukitikisa upande upande. Sijui alikivuta kwa muda gani. Najua kwamba kila kilipokuja mbele, yeye alidhani kuna mtu anakuja.

Nilimfunika. Kisha nilirudi sebuleni, nikapiga magoti kwenye sakafu yetu ya saruji nyekundu, ambayo nilikuwa nimeipaka nta Jumamosi, na miguu ya kiti ilikuwa imeacha michirizo miwili mirefu. Niliiinamia nikaitazama kwa karibu, nikapitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nikitafuta mahali kilipositasita. Nilitaka kujua kama alivuta tatu, akasimama, tatu, akasimama, au kama alivuta mbili. Jirani alidhani nimechanganyikiwa, akaniita kwa upole niinuke, watu wameanza kuja, kiti kitolewe njiani. Nikamwambia asikiguse. Michirizo ilikuwa imenyooka tu. Kiti hakihesabu.

Miaka yote hii nimekuwa nikiomba iwe ilikuwa tatu. Naomba awe alikufa na kiburi chake, akikataa msaada wangu kama kawaida, akidhani atajinasua. Kwa sababu kama ilikuwa mbili, basi aliomba mara moja katika maisha yake yote, na alikuwa akizungumza na kiti.

Niliifungua ile kamba kwenye mguu wa kiti. Ilinichukua muda, kwa sababu fundo lilikuwa limekaza sana. Nikaishika kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, nikavuta mara moja. Nikangoja dakika moja, kama alivyonifundisha, nikavuta tena.